Si kila homa ni malaria: jinsi ya kutambua kimeta, tauni na Marburg mapema, na tiba yake

Kwa ufupi

- Kimeta, tauni na Marburg huanza kama homa tulizozoea: mwili kuchoka, kichwa kuuma, joto kupanda. Dalili za kipekee huja baadaye, wakati mwingine zikiwa zimechelewa.
- Kimeta na tauni husababishwa na bakteria na hutibika kwa dawa za antibaiotiki ambazo hospitali zetu wanazo, mradi zianze mapema.
- Marburg husababishwa na virusi na haina dawa maalumu iliyoidhinishwa. Hata hivyo huduma nzuri ya hospitali huokoa maisha ya wengi.
- Kipimo cha malaria kikiwa chanya hakimaanishi kwamba mgonjwa hana ugonjwa mwingine.
- Ukiwa na wasiwasi, piga namba 199 ya Wizara ya Afya. Simu ni bure.

Kwa nini yanaitwa magonjwa tishio

Wataalamu wa afya duniani wana orodha ya vimelea ambavyo vinaua haraka, vinaweza kusambaa na vinaweza hata kutumiwa kwa makusudi kuwadhuru watu. Juu kabisa katika orodha hiyo wapo kimeta, tauni, ndui, na homa za virusi zinazosababisha kutoka damu kama Marburg na Ebola.

Mwaka 2001 nchini Marekani, mtu alituma barua zenye unga wa kimeta kwa njia ya posta. Watu 22 waliugua na 5 kati yao walifariki. Mwezi Oktoba mwaka huohuo hofu ilifika Afrika Mashariki: Waziri wa Afya wa Kenya, Sam Ongeri, alitangaza kwamba barua iliyotoka Marekani ilikutwa na vimelea vya kimeta. Vipimo vilivyorudiwa baadaye havikuthibitisha hilo.

Kwa hapa kwetu, hatari ya kila siku haiji kwa barua. Inakuja kwa ng'ombe aliyekufa ghafla na kugawiwa nyama, kwa kiroboto wa panya, kwa popo wa kwenye mapango, na kwa mikono inayomhudumia mgonjwa bila kinga. Jambo jema ni kwamba dalili na matibabu havibadiliki sana, iwe ugonjwa umeletwa na mtu au umetoka kwa mnyama. Ukijua kuutambua mmoja umejua na mwingine.

Mkazi wa Kimara anahusikaje?

Kimara ipo kando ya Barabara ya Morogoro, na mbele kidogo Mbezi Luis kuna Kituo cha Mabasi cha Magufuli, yanakoshukia mabasi ya mikoani. Familia nyingi za huku husafiri kwenda Kilimanjaro, Arusha, Kagera na Tanga, hasa Desemba, na hurudi Januari. Mtu anaweza kupata maambukizi akiwa mkoani, akapanda basi akiwa mzima, homa ikamwanzia akiwa nyumbani kwake Kimara, Temboni au Suka. Dalili za Marburg, kwa mfano, hujitokeza kati ya siku 2 na 21 baada ya maambukizi.

Hii si sababu ya kumkwepa kila anayetoka mkoani. Mtu mwenye virusi vya Marburg haambukizi wengine kabla hajaanza kuumwa. Ila ni sababu ya kuuliza na kueleza safari kila homa inapoanza.

Milipuko mitatu ya karibuni imetufundisha jambo hili:

- Julai 2022, Ruangwa mkoani Lindi. Watu walipata homa, kichwa kuuma, uchovu na kutoka damu puani. Wengi walihofia Ebola au Marburg, lakini vipimo vilionyesha ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria unaoenezwa kwa mkojo wa panya na wanyama wengine. Huo hutibika kwa antibaiotiki. Hadi Wizara ya Afya ilipotangaza jina la ugonjwa, wagonjwa walikuwa 20 na watatu walikuwa wamefariki.
- Machi 2023, Bukoba Vijijini mkoani Kagera. Ulianza kuitwa ugonjwa usiojulikana. Tarehe 21 Machi Wizara ilitangaza kuwa ni Marburg, kwa mara ya kwanza Tanzania. Wagonjwa walikuwa 9 na waliofariki 6, akiwemo mhudumu wa afya. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023.
- Januari 2025, Biharamulo, Kagera pia. Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko tarehe 20 Januari, na ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Kati ya watu 10 waliohesabiwa kuwa na ugonjwa, 2 walithibitishwa kwa vipimo na 8 walidhaniwa. Wote 10 walifariki.

Angalia mlipuko wa kwanza na wa pili. Dalili zinafanana, lakini mmoja una dawa na mwingine hauna dawa maalumu. Kwa macho tu, hata daktari hawezi kuapa ni upi. Ndiyo maana tunasisitiza kufika kituoni mapema na kupimwa.

KIMETA

Unatoka wapi

Kimeta ni ugonjwa wa ng'ombe, mbuzi, kondoo na wanyamapori kama nyumbu. Bakteria wake wakitoka nje ya mwili wa mnyama hujifunga ndani ya ganda gumu, mfano wa mbegu, na wanaweza kukaa ardhini miaka mingi wakisubiri mnyama mwingine aje kulisha hapo. Nchini kwetu kimeta hutokea mara kwa mara katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, hasa jirani na hifadhi za wanyamapori.

Mnyama mwenye kimeta mara nyingi hufa ghafla. Mzoga huvimba haraka, haukakamai vizuri, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au sehemu ya haja. Mnyama wa namna hiyo haguswi, hachunwi na haliwi. Usijidanganye kwamba ukichemsha sana utakuwa salama, kwa sababu zile mbegu zinastahimili joto, na anayechuna anaambukizwa kabla nyama haijafika jikoni.

Dalili kwa binadamu

1. Kimeta cha ngozi. Hiki ndicho kinachotokea mara nyingi zaidi, zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10. Siku 1 hadi 7 baada ya kugusa mnyama, nyama au ngozi, hutokea kipele kinachowasha kama umeng'atwa na mdudu. Kipele huwa lengelenge, kisha kidonda chenye kigaga cheusi katikati. Pembeni huvimba sana. Alama kubwa ya kukumbuka: kidonda hakiumi. Hukaa zaidi mikononi, usoni na shingoni.

2. Kimeta cha tumbo. Huja baada ya kula nyama ya mnyama mgonjwa. Mgonjwa hupata homa, kichefuchefu, kutapika, maumivu makali ya tumbo na kuharisha damu. Wengine huvimba koo na shingo.

3. Kimeta cha mapafu. Hutokana na kuvuta hewa yenye mbegu za kimeta. Huanza kama mafua, kisha ghafla kifua kinabana na pumzi inakata. Ni nadra, lakini ndicho kinachoua zaidi.

Matibabu

Kimeta cha ngozi kisipotibiwa kinaweza kuua mgonjwa 1 hadi 2 kati ya kila 10. Kikitibiwa, ni nadra sana mtu kufa. Dawa ni zile tunazozifahamu: penisilini, amoksilini, doksisaiklini au siprofloksasini. Mwenye kimeta cha tumbo au cha mapafu hulazwa, akapewa dawa zaidi ya moja kwa njia ya mshipa.

Mambo matatu huwapotosha wagonjwa:

- Kigaga cheusi huendelea na hatua zake hata baada ya dawa kuanza kufanya kazi. Usiache dawa ukidhani imeshindwa.
- Usikikate, usikikamue na usikipake dawa ya kuchoma. Kifunike kwa bandeji safi.
- Usinunue vidonge vichache dukani ukanywa siku mbili tatu. Utafunika dalili bila kumaliza ugonjwa, na kipimo kitakachofuata kinaweza kukosa kumwona bakteria.

Kimeta hakiambukizwi kwa kukaa na mgonjwa au kula naye. Jihadhari tu na majimaji ya kidonda.

TAUNI

Unatoka wapi

Tauni ni ugonjwa wa panya, unaohamia kwa watu kupitia viroboto. Wilaya ya Lushoto mkoani Tanga iliteseka nao tangu 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na zaidi ya watu 7,000 waliugua. Baadaye ulitokea pia Mbulu. Jirani zetu wa Ituri, Congo, wanao mpaka leo, na Madagascar mwaka 2017 ulipiga hadi mijini: wagonjwa zaidi ya 2,400 na vifo 209.

Dalili

- Tauni ya mitoki: homa ya ghafla, kutetemeka, kichwa kuuma, kisha tezi huvimba kwenye kinena, kwapani au shingoni. Tofauti na kidonda cha kimeta, mtoki wa tauni unauma sana, kiasi mgonjwa hataki uguswe.
- Tauni ya mapafu: homa, kifua kubana, kukohoa makohozi yenye damu. Hii inaambukizwa mtu kwa mtu kwa njia ya matone ya kikohozi, na isipotibiwa karibu wote hufa.

Alama nyingine iko nje ya mwili wa mgonjwa: panya wengi kufa ndani ya nyumba au shambani bila kuwekewa sumu. Wakifa, viroboto hutafuta mwili mwingine wenye joto. Usiwashike kwa mikono mitupu. Toa taarifa.

Matibabu

Dawa ni streptomaisini au jentamaisini kwa sindano, au doksisaiklini au siprofloksasini. Kwa tauni ya mapafu, dawa inatakiwa ianze ndani ya saa 24 tangu dalili zianze. Ndiyo maana mhudumu anaweza kuanza matibabu kabla majibu ya maabara hayajarudi. Waliokaa karibu na mgonjwa wa mapafu hupewa dawa za kinga kwa siku 7. Usizikatae kwa kuwa tu unajisikia mzima.

MARBURG NA HOMA NYINGINE ZA KUTOKA DAMU

Unatoka wapi

Virusi vya Marburg huishi kwa popo wanaokula matunda na kulala mapangoni. Kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, virusi hupita kwenye damu, matapishi, kinyesi, mkojo, jasho, mate na shahawa. Hakisambai hewani kama mafua kirusi hiki. Mwili wa aliyefariki una virusi vingi sana, ndiyo maana kuosha maiti bila kinga kumeangusha familia nzima nzima katika milipuko iliyopita.

Dalili

Siku za mwanzo: homa kali ya ghafla, kichwa kuuma sana, misuli kuuma, uchovu mkubwa. Kama siku ya tatu: kuharisha maji, tumbo kuuma, kutapika. Baadaye, kwa baadhi ya wagonjwa: damu kutoka puani, kwenye fizi, kwenye matapishi au kinyesi. Usisubiri damu. Wapo wanaofariki bila damu yoyote kuonekana.

Matibabu

Mgonjwa hutengwa, akapewa maji kwa mdomo na dripu, dawa za maumivu na homa, oksijeni na damu ikihitajika, na kutibiwa magonjwa mengine kama malaria. Dawa ya homa iwe parasetamoli. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuongeza kutoka damu.

Huduma hii inaleta tofauti. Rwanda, mwaka 2024, wagonjwa 66 walithibitishwa na waliofariki walikuwa 15. Wengi waligunduliwa mapema na kuhudumiwa kwa karibu. Kwa hiyo kwenda kutengwa hospitalini si kupelekwa kufia mbali na ndugu. Ndiyo nafasi kubwa ya kupona, na ndiyo njia ya kuwalinda watoto waliobaki nyumbani.

Vipi kuhusu ndui na mpox?

Ndui ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 1980. Mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, mwaka 1977, naye alipona. Ndugu yake wa karibu, mpox, yupo, na Machi 2025 Wizara ya Afya ilithibitisha wagonjwa wa kwanza Tanzania. Ukiona homa, tezi kuvimba na upele wenye majimaji au usaha usoni, viganjani au sehemu za siri, epuka kugusana ngozi na wengine na uende kituoni.

MAMBO MANNE YA KUMWAMBIA MHUDUMU

Ukifika zahanati au kituo cha afya ukasema "nina homa" tu, utapimwa malaria. Ni sahihi, kwa sababu malaria ndiyo inayoonekana mara nyingi. Lakini malaria ikikosekana, au ikitibiwa na homa isiondoke, maelezo yako ndiyo yatakayotuonyesha njia. Sema haya hata kama hujaulizwa:

1. Safari. Ndani ya wiki tatu zilizopita ulikuwa wapi? Taja wilaya na kijiji, si mkoa tu.
2. Wanyama. Umechinja, umechuna au umekula mnyama aliyekufa mwenyewe? Umeingia pangoni? Umeona panya wamekufa?
3. Wagonjwa na misiba. Umemuuguza mtu, umeosha maiti au umehudhuria msiba wa mtu aliyeugua homa kwa muda mfupi?
4. Wenzako. Kuna mwingine nyumbani au kazini mwenye dalili kama zako?

Usione aibu kusema mlikula nyama ya mnyama aliyekufa. Kupoteza ng'ombe ni hasara, na tunaelewa kwa nini watu huona uchungu kumzika. Anayekusikiliza anataka kuchagua dawa sahihi, hataki kukuhukumu. Ukificha, anayeumia ni wewe na yule mliyekula naye.

Eleza pia kama una mimba, unanyonyesha, una mzio wa penisilini, au mgonjwa ni mtoto mdogo. Dawa na dozi hubadilika.

UKIWA NA MGONJWA UNAYEMSHUKU NYUMBANI

- Mweke chumba chake peke yake. Achague mtu mmoja wa kumhudumia, asiwe mjamzito.
- Piga 199, au mjulishe mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Usimpakie kwenye bodaboda, daladala au mwendokasi. Subiri maelekezo ya usafiri.
- Vaa glovu na barakoa. Kama glovu hakuna, vaa mifuko ya plastiki mikononi isiyotoboka, kisha nawa kwa sabuni na maji tiririka.
- Matapishi au damu sakafuni: mwagia dawa ya klorini, acha dakika 10 au zaidi, ndipo ufute. Kwa Jik yenye nguvu ya asilimia 3.5, changanya kipimo 1 cha Jik na vipimo 6 vya maji. Usichanganye na sabuni wala dawa nyingine ya usafi.
- Mpe maji ya kunywa au ORS kidogo kidogo kama anaweza kumeza.
- Akifariki, msimwoshe wala kumgusa. Piga simu. Timu ya mazishi salama huja, na familia na viongozi wa dini hushirikishwa ili marehemu asitiriwe kwa heshima.

KUJIKINGA SIKU ZOTE

- Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Nyama ya bei ya kutupa inayopitishwa mlangoni usiku iogope.
- Chemsha maziwa ya ng'ombe na mbuzi. Maziwa mabichi huleta brusela, ugonjwa wa homa za kupanda na kushuka na maumivu ya viungo unaoweza kudumu miezi.
- Ukiwa na mifugo mkoani, ichanjwe kimeta kama afisa mifugo anavyoelekeza. Mnyama akifa ghafla, mwite yeye kabla ya kumgusa. Mzoga huchomwa au huzikwa shimo refu, bila kupasuliwa.
- Funika vyakula, ondoa takataka, ziba matundu ya panya.
- Ukikuta bahasha au kifurushi kinachovuja unga usiojulikana, usikitikise wala kukinusa. Kiweke chini, zima feni, toka, funga mlango, nawa kwa sabuni, na piga polisi 112.

NENDA HOSPITALI SASA HIVI UKIONA

- Homa ambayo haijapungua siku 2 baada ya kuanza dawa ya malaria
- Kidonda kisichouma chenye kigaga cheusi
- Mtoki unaouma pamoja na homa
- Kukohoa damu au kushindwa kupumua
- Kutoka damu puani, kwenye fizi, kwenye matapishi au kinyesi
- Homa baada ya kumuuguza au kumzika mtu aliyekufa kwa homa
- Watu wawili au zaidi wa nyumba moja kuugua ghafla kwa dalili zinazofanana

Homa nyingi utakazokutana nazo Kimara zitakuwa malaria, mafua, UTI au taifodi, na zitapona. Lakini hatujui ni ipi mpaka ipimwe na mpaka tusikie ulikotoka na ulichogusa. Ukiwa na shaka usiku au siku ya mapumziko, usingoje kesho kukuche: piga 199.